Amemuua Mama Yake Kitabuni

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Binamu yangu, yule mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, si ameandika kitabu cha maisha yake Hollywood? Leo nilikuwa namsomea mama yake, shangazi, sebuleni, majirani wamejaa.

Ukurasa wa arobaini amemuua.

Amemuua mama yake, shoga. Eti alifiwa naye akiwa na miaka tisa, akajilea mwenyewe, na kisa hicho ndicho kilichomliza bosi wa studio akampa kazi. Marehemu mwenyewe yuko mbele yangu anakunja nguo.

Shangazi akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nimekufa kwa nini?"

"Homa, shangazi."

"Hata ugonjwa wa maana hakunipa."

Jumamosi anakizindua hapa mjini, na waandishi wa habari wamealikwa. Majirani wakataka twende tukamzomee. Shangazi akakataa. Kanipa gauni lake jeupe nilipige pasi.

"Sitaki kelele," akasema. "Nitapanga foleni kama wasomaji wengine. Nikifika mezani nitampa kitabu asaini, aandike: kwa marehemu mama."

Mimi kazi yangu ni kuwaambia wapiga picha wasogee karibu.