Yaya, Ulinifutisha Biskuti Zangu

Yaya Silvestri, kifungua mimba wa mama yangu,

Barua hii haina bahasha. Simu zangu hupokei, na kwenye WhatsApp picha yako imetoweka tangu ulipofika Kinshasa, kwa hiyo nimeiandika kwa kalamu na nitaibandika kwenye mlango wa sekretaria ya Mama Zaina, hapa Kasongo, palepale tulipofungulia tovuti yetu. Chumba unakijua: paneli ya jua juu ya bati, fotokopi inayokohoa, benchi moja. Kila mwenye karatasi ya kuchapisha anapita hapo. Watasoma, watakupigia, na wao utawapokea.

Usijidanganye kwamba nimepoa. Nina hasira na wewe, Yaya, na sitaki kuifunika kwa maneno laini eti kwa sababu umenitangulia kuzaliwa. Ninachodai ni kitu kimoja: rekodi za Mama kama zilivyokuwa kabla hujazikata. Mengine nitayasema hapa chini, lakini hilo lishike kwanza.

Unakumbuka siku ile uwani kwetu Kabambare? Ulikuwa umerudi kutoka Salamabila na kompyuta yako ya mkononi, umeifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga, usitake hata vumbi la pikipiki liiguse. Mama alikuwa anamenya mihogo. Mimi nilimshikia simu karibu na mdomo kwa sababu alikuwa ameanza hadithi ya mwanamke aliyeolewa na mto, na nilitaka kuinasa. Kibangubangu chake kilikuwa kile cha zamani, chenye maneno ambayo hata sisi watoto wake tulikuwa tunamuuliza maana. Wewe ndiye uliyesema hadithi hizo zisiishie uwani, tufungue tovuti, watu wetu walioko Kalemie na Lubumbashi wazisikie. Nilikupenda sana siku ile. Nilikuona mtu mkubwa.

Tukaja Kasongo kwa pikipiki mbili, Mama akiwa na macho yake ya kupimisha. Asubuhi alipita kituo cha afya, mchana akakaa nasi kwenye benchi la Mama Zaina. Ulipokuwa unafungua ukurasa, likatokea dirisha la kuuliza kama tunakubali kuki, na wewe ukatafsiri kwa sauti: tunakubali biskuti?

"Biskuti?" Mama akauliza. "Ya nani? Na mbona hawaleti?"

Mama Zaina alicheka mpaka akaegemea fotokopi. Wewe hukucheka. Ulichukua ile jeto ya Mama, kile kikaratasi chenye namba alichopewa kituo cha afya, ukakiweka kwenye kiganja chake.

"Mama, ona. Asubuhi walikuuliza jina, kijiji, ugonjwa. Kisha wakakupa hii jeto. Ukirudia kesho hawatakuuliza tena, wataona jeto tu, watajua ni weye. Na site iko vile vile. Ukiingia mara ya kwanza inakuuliza jina na neno ya siri. Kisha inaacha jeto yake ndani ya mashini. Hiyo jeto ndiyo wanaita biskuti."

"Na nikipoteza jeto?"

"Watakuuliza upya. Kama unakumbuka jina yako, haina shida."

Tangu siku ile nimewaeleza walimu wenzangu jambo hilo mara nyingi, kwa maneno yako hayo hayo, na kila mara nilisema, yaya yangu ndiye aliyenifundisha. Ulinifundisha vizuri mno. Ndiyo maana sikukutilia shaka ulipokuja kulitumia somo hilo dhidi yangu.

Jina la kuingilia likawa langu. "Andika yako," ulisema, "weye ndiye unamuulizaka Mama." Neno la siri tukalichagua pamoja: mutotowamama, bila nafasi, na u yake ndani kama tunavyosema nyumbani. Chini yake kulikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa *Unikumbuke*. Nilikiona kizuri, nikakitia alama, nikaingia. Ulinigombeza mbele za watu.

"Toa hiyo! Mashini si ya kwetu. Mutu yeyote akikaa hapa ataingia ndani."

Nikasema nimetoa. Sikutoa, Yaya. Nilikuwa nimeshaingia, sikujua inatolewaje, na nikaona haya kukuuliza. Huo ndio uongo wangu wote katika jambo hili, na nauandika hapa ili usije ukasema nimejisafisha.

Kisha kuna ile mara ya kwanza tovuti iliponikataa. Ulikuwa umeniachia kompyuta yako nyumbani. Naandika neno la siri, inakataa. Naandika polepole kidole kimoja kimoja, inakataa. Nililia nikidhani sauti ya Mama imepotea. Ukaja, ukaniambia niliandike neno hilo pale juu, mahali pa jina, ambapo herufi hazifichwi. Kila m imekuwa nukta mkato. Kila a imekuwa q. Kibodi ilikuwa imegeuka ya Kiingereza ilhali vidole vyangu vinasoma ya Kifaransa. Ukarekebisha mara moja, tukaingia, na mwezi mzima ukawa unaniita mutoto wa q. Hata Mama alinitania hivyo bila kujua q ni mdudu gani.

Tulicheka sana. Lakini kicheko kile kiliniharibu. Nilitoka pale nikiamini kwamba kila mlango ukinifungia, kosa ni la mashine au la vidole vyangu, na kwamba dawa yake iko kwako.

Mama akatutoka. Sitaandika juu ya siku hizo, ulikuwepo. Baada ya matanga simu yangu ikajaa, ikawa haipigi hata picha. Ukaniambia, "Futa zile sauti, Anjela. Ziko mu site, haziwezi kupotea." Nikafuta. Kila jioni nikitoka shule nilipanda kwenye kilima nyuma ya parokia, mahali rezo ya simu inapokamata, nafungua tovuti, nasikiliza hadithi moja, nashuka kupika. Nilikuwa sina kaburi jingine la kuzuru zaidi ya hilo, kwa sababu pale kwenye udongo Mama haongei.

Halafu ukanipigia.

"Site inasumbua," ulisema. "Futa biskuti zote mu telefone yako, kisha uingie upya."

"Mbona kwangu inafunguka vizuri?"

"Unaona ya zamani hiyo. Futa tu, mutoto wa q."

Uliniita hivyo. Kwa jina la kicheko chetu. Nikafuta nimesimama palepale kilimani, nikaandika mutotowamama, ikanijibu kwamba neno la siri si sahihi.

Yaya, nilihangaika. Nililiandika pale juu lionekane, lilikuwa sawa. Nikaandika kwa herufi kubwa. Nikazima simu nikawasha. Nikatazama tarehe ya simu, kwa sababu uliwahi kuniambia tarehe ikikosea, mlango unakataa. Nikajaribu kwenye simu ya mwalimu mwenzangu. Nikatoa hata ile u yetu, nikaandika mtoto kama kitabuni, nikidhani labda tovuti imesoma shule kuliko mimi. Mwisho nikabonyeza pale pa wenye kusahau. Ujumbe wa kufungulia ulikwenda kwenye anwani yako, kwani mimi sikuwa na anwani tulipoanza. Nikakuuliza. "Sijaona kitu," ukasema. "Vumilia."

Nikavumilia, kwa sababu hata kusikiliza tu kunataka jina la kuingilia, na wasikilizaji wote wewe ndiye uliyewaandikisha. Nililaumu rezo, nikalaumu mvua, nikajilaumu mwenyewe. Mwenzangu mmoja shuleni aliuliza kama si wewe uliyebadilisha neno la siri, na sikumsemesha siku mbili. Nilipopata habari kwamba uko Kinshasa, umealikwa kwenye mkutano wa watu wa lugha, nilifurahi. Niliandaa na maneno ya kukupongeza.

Juzi mkuu wa shule alinituma Kasongo kuchapisha karatasi za mtihani. Siku nzima juu ya pikipiki, matope mpaka magotini. Mama Zaina alipokuwa anatafuta wino, akaniachia kiti mbele ya mashine yake ya zamani. Nikafungua tovuti yetu kwa mazoea tu. Sikuandika jina. Sikuandika neno lolote. Ukurasa ukasema, *Karibu tena, Anjela.*

Nilimwita Mama Zaina kwa sauti iliyomwogopesha.

"Mi sifutangi kitu mu hii mashini," akajitetea. "Naogopa kuharibisha."

Nikaelewa hapohapo, kwa somo lako mwenyewe. Ulibadilisha neno la siri, lakini tovuti yetu ni ndogo, haiendi kukusanya jeto za zamani. Mwenye jeto anapita. Simu yangu ilikuwa nayo, na ndiyo maana ulinipigia. Ungebadilisha neno la siri peke yake, ningeendelea kuingia na kuona kila kitu. Ilibidi niichane jeto yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ulisahau ile ya Mama Zaina, ile ya *Unikumbuke*, kwa sababu nilikuambia nimeitoa na wewe uliniamini. Mimi ndiye niliyekudanganya mara moja, Yaya, na uongo huo ndio ulionifungulia.

Nikafungua barua zilizotumwa kwa tovuti, nikasoma. Mwaliko wa Kinshasa ulikuja siku moja kabla ya simu yako, na uliandikwa kwa Bi Anjela. Jibu lako liko chini yake: kwamba Anjela ni mdogo wako aliyekuwa akikushikia simu, na kwamba mkusanyaji ni wewe.

Nitakuambia jambo ambalo litakuchoma kuliko matusi. Ungeniomba, ningekupa. Mimi na Kinshasa wapi na wapi? Nina darasa la pili lenye watoto wa kujaza kanisa. Ningesema, nenda Yaya, wewe unajua kuongea. Hukuniibia safari. Uliniibia nafasi ya kukupa.

Chini ya ukurasa kuna kitufe cha kufuta vyote, na hakiulizi neno la siri. Nilikiwekea kishale cha kipanya juu yake. Nilitaka ufike mbele ya wakubwa wako, ufungue, ukute hakuna kitu. Nilitaka hivyo kwa moyo wangu wote, na sitakuomba msamaha kwa kutaka. Lakini kabla ya kubonyeza nikataka kumsikia Mama mara moja, nikafungua hadithi ya mwanamke aliyeolewa na mto.

Unajua Mama alivyokuwa anasimulia. Hakuwa mtu wa kuongea na ukuta. Kila akifika mahali pagumu anasimama, anauliza, "Anjela, unasikia?" Na asipojibiwa haendelei. Ni lazima useme, "Nasikia, Mama." Wewe mwenyewe utotoni ulikuwa unasinzia, nakufinya, unajibu huku macho yamefumba.

Mama akafika pale mwanamke anapoingia majini. Akasimama.

"Anjela, unasikia?"

Kimya.

Akaendelea. Mwanamke akamwona mama yake ng'ambo. Akasimama tena.

"Anjela, unasikia?"

Kimya. Nikafungua nyingine, ni hivyo hivyo. Umepita hadithi zote na kisu chako, ukatoa sauti yangu popote ilipo, ili isijulikane kwamba alikuwa anaongea na mtu mwingine. Jina langu hukuweza kulitoa kwa sababu liko ndani ya mdomo wake, limeshikamana na maneno yake. Kwa hiyo umeacha swali, ukatoa jibu.

Watu wanaandika chini ya hadithi, Yaya. Huwa unasoma? Mmoja wa Kalemie ameandika: "Masikini huyu mama, anaita, anaita, mutoto hamujibu. Alikuwa amelala ao hakumupenda?" Na watu wamemwitikia kwa nyuso za machozi.

Sikubonyeza kitufe. Nimenakili zote kwenye flashi, hivyo hivyo zilivyokatwa. Najua za kwanza bado ziko ndani ya kompyuta yako, kwa sababu wewe huwa hufuti kitu chako, unafutisha cha wenzako. Baki na tovuti. Baki na Kinshasa na kiti chao cha mbele na jina la mkusanyaji. Nitumie zile za kwanza kwa Mama Zaina, atanipokelea.

Nilikuwa pale, na ulikuwa umekaa pembeni yangu ukila muhogo mbichi. Mama aliuliza, na kila alipouliza nilijibu. Ulisikia. Wewe ndiye mtu wa pekee aliyebaki duniani anayejua kwamba nilijibu.

Nasikia, Mama.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Anjela