Mgongo wa Rainivelo

Antsirabe, Jumamosi 2 Juni 2012

Dada Holy,

Mkuu wa kitivo chenu alisema jana saa nane mchana, mbele ya waandishi sita na kamera moja, kwamba jina lako limepita, na kuanzia Oktoba wewe ni profesa wa magonjwa ya viungo. Mimi sikuwa mmoja wa hao sita. Nilisikia redioni huku namkata Mama kucha. Akaniuliza, "Huyo ni Holy wetu, au yuko mwingine?"

Hujambo lakini? Na magoti ya shemeji? Sisi wazima. Baridi ya huku inagandisha maji ya kuku asubuhi, na Mama analala na soksi mbili mbili. Anakusalimu, na anauliza kama profesa bado anaruhusiwa kuja kuvuna karoti.

Mhariri anataka habari yako kwa ukurasa wa tatu. Nilimwambia wewe ni dada yangu. Akasema afadhali, wewe hutaweza kunidanganya mimi. Basi nitumie rekodi yako nzima: ulisoma wapi, umefanya kazi wapi, umeandika nini na lini. Sitaki sifa, nataka tarehe. Miaka ishirini na mitatu naandika kuhusu watu nisiowajua, na jana nimegundua kwamba kazi ya waziri wa uvuvi naijua kuliko yako.

Mdogo wako,
Tovo


Antananarivo, 10 Juni 2012

Tovo mdogo wangu,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa basi, inanuka samaki mkavu. Hatujambo. Magoti ya shemeji yako ni mazima, anayelalamika ni yeye. Mwambie Mama nitakuja, ila profesa havuni, anasimamia.

Rekodi ndiyo hii. Nilihitimu udaktari 1989. Kuanzia 1990 hadi 1993 nilikuwa hospitali ya wilaya kule Ambositra. Kisha miaka mitano Ufaransa nikisomea viungo, na tangu 1998 niko hapa hapa. Faili za wagonjwa nilizofungua kwa mkono wangu ni 11,212. Makala zilizochapishwa ni arobaini na sita: gauti, vidole vya wasuka ukili, na magoti ya wavuta riksho wa Antsirabe, wale mia tatu na kumi na wawili ulionisaidia kuwatafuta mpaka ukasinzia ndani ya riksho ya mmoja wao.

Juu ya orodha utaona kwa kalamu namba sifuri, mwaka 1992: ugonjwa wa kuungana kwa uti wa mgongo, mgonjwa mmoja, mchonga mbao wa Ambositra. Haikuchapwa. Wahariri wa jarida walinijibu kwa aya moja tu kwamba eksirei haionekani vizuri, ugonjwa huo watu wetu hawana, na mzee huyo ana TB ya mgongo kama ilivyoandikwa kwenye cheti chake. Hiyo usiiandike. Naiacha pale ili nisijisahau.

Dada yako,
Holy


Ambositra, 1 Julai 2012

Dada,

U mzima? Mimi sijambo, ila malengelenge mawili. Mama yuko kwa shangazi. Usinikasirikie: ulisema nisiandike, hukusema nisiende.

Namba sifuri aliitwa Rainivelo na alifariki 2003. Jirani yake, bibi mmoja anaitwa Mama Bodo, alikukumbuka kabla sijamaliza kutaja jina. "Yule daktari mwembamba? Alikuwa akija kila mwezi na futi ya fundi cherehani. Anamsimamisha mzee ukutani, anapima kisogo kilivyo mbali na ukuta, anaandika, anakunywa maji ya ukoko wa wali, anaondoka. Sisi tulidhani anamshonea koti!"

Nimeona daftari la zahanati ya kijijini kwao. Ulifika mara ishirini na sita. Nimeitembea njia hiyo kutoka hospitalini mpaka kwa mzee: kilometa kumi na tisa, saa nne na dakika kumi, bila mvua. Kwenda na kurudi, mara ishirini na sita, ni kilometa 988 kwa ajili ya mgongo wa mtu mmoja. Nilikaa juu ya jiwe nikapiga hesabu upya, maana nilidhani nimekosea. Dada, tuliishi nyumba moja likizo zote za miaka ile na hukusema hata neno.

Sasa habari yenyewe. Mzee ana mwana, Velo, naye mchonga mbao, na Velo ana binti anaitwa Nomena, miaka ishirini na miwili, mfuma hariri. Nomena huamka mgongo umekauka kama ubao. Inamchukua saa nzima kuweza kuinama kwenye kitanda cha kufumia. Akishafanya kazi unalegea. Akipumzika unakaza tena. Zahanati ya mjini imesema TB ya mgongo, na anameza vidonge mwezi wa tano sasa. Velo anasema, "Ni ile ile ya baba. Tunajua inavyokwenda."

Kaburi la ukoo linafunguliwa Jumamosi tarehe 25 Agosti. Watawageuza wafu wao na kuwavika sanda mpya. Ya Rainivelo anaifuma Nomena.

Nilipomtajia Velo jina lako alinitazama usoni. "Una pua yake," akasema. Kisha akasema ni afadhali ambebe binti yake mgongoni mpaka baharini kuliko kumleta kwako. Kulitokea nini?

Mdogo wako,
Tovo


Antananarivo, 5 Agosti 2012

Tovo,

Natumai wewe na Mama hamjambo. Sisi tuko salama. Najua nimekaa wiki tano bila kujibu.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi wa mwisho kabla sijaenda Ufaransa nilikwenda kuaga. Nilikuwa na miaka thelathini, na ile barua ya aya moja ilikuwa mfukoni. Mke wa mzee aliniuliza kama kweli ni TB. Nilimjibu hivi, naikumbuka kila silabi: "Siku mtakapomgeuza ndipo itajulikana nani mkweli." Mzee alikuwa kitandani, hatua tatu kutoka pale, anakunywa uji. Alisikia. Velo alikuwa na nyundo yake ya mbao mkononi. Alinifuata nayo mpaka mtoni. Alikuwa na haki. Nilizungumza habari za mifupa ya mtu aliye hai, mbele yake, na sikuomba radhi. Aliishi miaka kumi baada ya hapo nami sikuandika hata mstari.

Kuhusu Nomena: kwa maelezo yako, si TB. Lakini sijamgusa, kwa hiyo sijui. Ikiwa ni ugonjwa wa babu yake, bado mifupa haijaanza kuungana, au ndiyo kwanza inaanza. Kuna dawa na kuna mazoezi, na tukiwahi anaweza kuzeeka wima. Tukichelewa hakuna wa kuitenganisha. Namhitaji hapa, na eksirei moja, picha ya nyonga. Ni mtu mzima, lakini hatakuja bila ruhusa ya baba yake. Nyumba zile nazijua.

Tofauti ni rahisi hata kwako. TB hula pingili moja au mbili. Mgongo unavunjika hapo, unafanya kona, na zilizobaki zinabaki huru. Ugonjwa huu mwingine hauli kitu. Unaziunganisha zote, pole pole, toka nyonga mpaka shingo, na mtu anakuwa upinde.

Siku hiyo usiombe chochote. Usipige picha. Usiguse mpaka uambiwe. Ukiulizwa nilisema nini, sema. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Velo. Ni ya kuomba radhi tu, sikuweka ugonjwa hata neno moja. Mpe mapema, si siku ya shughuli.

Dada yako,
Holy


Ambositra, Jumapili 26 Agosti 2012

Dada Holy,

Uhali gani? Mimi sijambo, sauti tu imekauka. Mama hajambo, anakusalimu. Nakuandikia bado nina udongo wa kaburini kwenye kucha, na nitakueleza kwa mpangilio.

Barua yako Velo aliipata tarehe 11. Hasomi, alisomewa na Nomena, mara mbili, kisha akaiweka kwenye sanduku la patasi zake. Siku ya pili yake alimtuma Mama Bodo aniambie naweza kuja kula.

Jana tulikuwa watu kama mia nne. Filimbi, ngoma, tarumbeta mbili, wali na nguruwe wa mafuta. Wafu waliotolewa ni kumi na wanne. Unajua maiti wa miaka mingi alivyo ndani ya sanda: hana umbo tena, ni mzigo laini, na wanaombeba huweka mikono chini ya kiuno asikunjike katikati. Kumi na watatu walikuwa hivyo.

Rainivelo alitoka wa kumi na mbili. Vijana wawili walimshika kichwani na miguuni, wa tatu akaweka mikono katikati kama kawaida. Mikono yake ilibaki hewani. Kutoka kichwa hadi nyonga mzee alitoka mzima, kwa pamoja, ameinama vile vile alivyoinama alipokuwa hai. Binamu mmoja mlevi akapiga kelele, "Jamani, mzee bado anatafuta msumari aliouangusha!" Watu wakacheka sana. Kisha walimlaza mkekani chali, naye akabembea, mbele, nyuma, mbele, mpaka akatulia. Hapo hakuna aliyecheka. Filimbi zilinyamaza bila mtu kuziambia.

Walimlaza ubavu. Nomena alikuja na sanda yake. Alipopiga magoti ilimchukua muda, mkono mmoja chini, mwingine kiunoni, na niliona Velo akimwangalia yeye, si mzee. Kisha Velo akachuchumaa. Akaweka kiganja kwenye kisogo cha baba yake, juu ya hariri ya zamani, akakishusha taratibu mpaka nyonga. Akarudia. Mara ya tatu akafumba macho.

"Wewe wa pua," akaniita. "Dada yako alikuwa anasema nini?"

Nikamwambia: TB huvunja mahali pamoja, panakuwa kona. Ule mwingine huunganisha pote.

"Mimi nachonga miti miaka arobaini," akasema. "Kilichovunjika nakijua, na kilichopindwa nakijua. Hapa hapajavunjika."

Akanishika mkono akauweka. Dada, nimeripoti vimbunga sita na kuanguka kwa serikali mbili, na sijawahi kukosa la kuandika. Nakupa vipimo tu: shubiri tatu, na hakuna mahali ncha ya kidole inapoingia. Wewe uliujua mgongo huo ukiwa ndani ya mwili, kwa futi ya fundi cherehani na ukuta wa udongo, na picha ambayo wataalamu walisema haionekani.

Velo aliongea na baba yake kama watu wote walivyokuwa wakiongea na wa kwao. "Baba, tulikunywesha dawa zisizokufaa. Tusamehe." Kisha akanigeukia. "Alijua tangu lini?"

"Tangu tisini na mbili."

"Na alikuwa anatembea?"

"Kilometa kumi na tisa."

"Ishirini na moja!" Mama Bodo akadakia. "Daraja lilikuwa limebomoka miaka ile yote, alizungukia kwenye mashamba ya mpunga. Andika vizuri, mwandishi."

Kwa hiyo narekebisha barua yangu ya Julai: si 988, ni 1,092.

Velo atamleta binti yake mwenyewe. Ana sharti moja. Utakapompima, kila namba umtajie yeye kwanza, kwa sauti, ndipo uandike. Anasema baba yake alipimwa mara ishirini na sita na hakuna aliyewahi kuambiwa hata namba moja.

Nomena anauliza kama aache vidonge leo.

Mdogo wako,
Tovo


Antananarivo, Jumapili 2 Septemba 2012

Tovo mdogo wangu,

Sisi wazima, namshukuru Mungu kwa uzima wako na wa Mama. Barua yako niliisoma kliniki kati ya mgonjwa wa nne na wa tano. Wa tano akaniuliza nimefiwa na nani.

Nilidhani siku itakapojulikana kuwa nilikuwa sahihi nitafurahi. Sikufurahi. Miaka yote hiyo mzee alibaki na cheti cha ugonjwa usio wake, na picha yake ilikuwa sandukuni kwangu.

Mwambie Nomena asiache vidonge mpaka nimwone. Kilichotoka kaburini ni jibu la babu yake, si lake. Mwambie Velo sharti lake nimelikubali, na ana haki ya kudai zaidi. Namba ishirini na sita za mzee bado ninazo, zote. Nitamsomea kabla sijaanza na za binti yake.

Gazetini weka zile arobaini na sita. Namba sifuri ni ya Velo. Akisema iandikwe itaandikwa, akikataa basi.

Wapande basi Jumapili ijayo asubuhi. Shemeji yako atawapokea stendi na watalala kwetu. Velo aje na blanketi zito, nyumba hii ina baridi. Nitamwona Nomena Jumatatu tarehe 10 Septemba, saa mbili asubuhi, chumba namba sita. Picha ya nyonga ni saa tatu na nusu.

Dada yako,
Holy