Bibi Kudra Alivyoanguka Akimtuza Mpiga Fidla

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Apolonia Modestus
Umri: Miaka 52
Kazi: Mhudumu katika nyumba ya wazee
Makazi: Euless, Texas
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani

Mimi ni Mtanzania. Marehemu Bibi Kudra nilimfahamu kwa kuwa alikuwa mama wa jirani yangu Majaliwa, tunayepakana naye ukuta. Aliletwa kutoka Tanga mwezi wa Januari kumtembelea mwanawe. Majaliwa anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege, mkewe naye yuko kazini, na wajukuu bibi akiwasemesha wanamjibu Kiingereza. Mama wa watu alikuwa anashinda dirishani. Iliniuma.

Mnamo tarehe 12 Aprili 2025, Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nilimpeleka kwenye muziki wa bure katika maktaba ya umma. Tulifika saa nane mchana. Mlinzi wa mlangoni alitusikia tukiongea, akatusalimia kwa Kiswahili cha Kongo na kutuambia anaitwa Vital. Sikuwahi kumwona kabla ya hapo.

Wanamuziki walikuwa wanne juu ya jukwaa dogo la mbao, hawana spika wala waya: fidla, gitaa, besi na banjo. Bibi Kudra alininong'oneza kwamba hiyo banjo ni gambusi lililokula likashiba. Tangu aje Marekani sikuwa nimemsikia akitania. Watu walikaa kimya kama wako msibani, wakipiga makofi wimbo ukiisha tu.

Wimbo wa nne au wa tano ulikuwa wa huzuni. Bibi alifuta machozi, akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti ya dola moja, akainuka. Sikumzuia. Kwetu muziki ukikugusa unakwenda kumtuza mpigaji, na mtu mzima haendi kama anakwenda dukani. Alikwenda akicheza, mabega yakipanda na kushuka, na watu wakamkodolea macho. Alipanda jukwaani, akamshika mpiga fidla begani, akambandika noti kwenye paji la uso. Yule Mzungu hakujua anafanyiwa nini. Alishtuka, akarudi nyuma, na bibi akakosa pa kushika.

Vital alikuwa amekwisha kupanda, yuko nyuma yake. Alinyoosha mikono yote miwili. Nilimsikia akisema, "Mama, kamata mukono yangu." Vidole vyake viliishia kwenye kanga. Bibi alianguka ubavuni mwa jukwaa, kichwa kikagonga sakafu. Nilimfikia wa kwanza nikamwita, hakuitika.

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 15, asubuhi.

Kuna video iliyopigwa kwa simu kutoka nyuma ya ukumbi. Nimeonyeshwa. Inaonyesha mikono ya Vital mgongoni mwa bibi, halafu bibi anaanguka. Asiyekuwepo atasema amesukumwa. Mimi nilikaa mstari wa mbele, kiti cha pembeni, hakuna aliyenikinga. Vital alitaka kumdaka, akamkosa. Sasa yuko mahabusu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Leo asubuhi Majaliwa aliniambia, "Dada, wewe sema alimsukuma, basi. Lawyer ameshaona video. Mama yangu hakuja Marekani kufa kwa bahati mbaya."

Ana uchungu, na mimi ndiye niliyemtoa mama yake ndani. Ningepata mtu wa kumlaumu, hata mimi ningepumua. Lakini mtu huyo si Vital.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimeyasema kwa hiari yangu na sina la kupunguza.

Sahihi: A. Modestus

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa tarehe 16 Aprili 2025, saa tano asubuhi, mkalimani akiwa Bw. Otieno. Shahidi amesomewa na kukiri kuwa ni sahihi. Aliyemleta kituoni kwa gari ni mtoto wa marehemu, ambaye yuko nje anamsubiri. Shahidi ameomba akae kidogo kabla ya kutoka. Ameruhusiwa.