Kabla na baada ya kukatwa tumbo

Butembo, Jumatano.

Mvua ilianza kabla sijafungua duka, nyembamba na ya baridi, na hii ni saa kumi bado haijaamua kuacha. Tangu asubuhi nimekunywa nusu kikombe cha chai.

Nilikuwa nimewaahidi kitu kingine. Tangu niseme hapa kwenye blogu kwamba nilifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, haipiti wiki bila mtu kuniuliza atarajie nini kabla, atarajie nini baada. Nilikuwa nimefika nusu ya majibu. Halafu saa tatu asubuhi mwanamke mmoja akaingia dukani, kitambaa cha kichwa kimelowa, akasimama katikati ya pneu, tairi za pikipiki ninazouza, akasema yeye ni mke wa Kasereka.

Nilijua siku moja atakuja.

Basi acheni nijibu yote pamoja. Kwangu mimi hayaachani.

Kabla, nilikuwa na kilo mia na thelathini na tisa. Hapa mjini wenye pikipiki walikuwa wakiniona nimenyoosha mkono wanaongeza gesi na kunipita. Sukari ilikuwa imeanza kunila vidole vya miguu. Watu niliwaambia naenda Kampala kutibiwa sukari tu. Kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka pia kuchekwa, na hilo niliona haya kulisema.

Tarajia kutolewa damu mpaka uchoke. Tarajia wiki mbili za supu na maziwa, ili ini lipungue kabla ya kisu. Tarajia karatasi inayosema unaweza kufa. Mimi niliisaini bila kusoma ukurasa wa pili. Daktari alinichorea tumbo langu kwa kalamu, kubwa kama begi la shule, akapiga mstari toka juu mpaka chini. Upande huu mkubwa tunakata na kuutoa nje, akasema. Unabaki na huu mwembamba, kama ndizi.

Baada, tarajia kuamka na matundu matano tumboni na maumivu ya bega usiyoyaelewa. Maji ni kwa kijiko. Nywele zitatoka kwa mafungu kwenye kitana. Ngozi haiondoki na mafuta: yangu ya mikono inaning'inia hata leo. Na ukizidisha kijiko kimoja, kifua kinafungwa kama mtu amekukalia, jasho linatoka, unatapika. Daktari alinionya nisilazimishe chakula hata siku moja, naweza kujiumiza vibaya ndani.

Hakuniambia nifanye nini mtu mwingine akikilazimisha kwa bunduki.

Mwezi wa saba baada ya operesheni nilienda Mangina kumsaidia tantine wangu, dada ya baba, kuvuna kakao. Nilikuwa nimeshapoteza kilo arobaini na sita na nilitaka anione. Tulikuwa tumekaa chini tukipasua maganda. Waasi wa msituni waliingia shambani kutoka pande mbili. Sikusikia risasi hata moja, walitumia panga. Tantine alikuwa bado ameshika ganda mkononi walipomkata shingoni. Damu yake iliingia kwenye beseni la kakao mbichi, na ute mweupe wa mbegu wote ukageuka mwekundu.

Sikupiga kelele. Mtu alikuwa ameshika nywele zangu, zile chache zilizobaki.

Walichukua watu wanane kutoka mashamba yale. Walitufunga wawili wawili, mkono kwa mkono, kwa kamba ya mbuzi. Mimi nilifungwa na mwanaume wa miaka hamsini hivi, mwenye shati la kazi lililochanika bega. Aliniambia jina lake ni Kasereka, ni mkulima na shemasi kanisani kwao. Sikuwa namjua kabla ya kamba ile.

Walitubebesha walichoiba: unga, chumvi, katoni za dawa, mafuta ndani ya bidoni. Siku ya kwanza mzee mmoja alianguka na gunia la chumvi. Hawakumgombeza. Mmoja alichukua gogo akampiga kichwani mara mbili, halafu wakatugawia ile chumvi, tukaendelea.

Kula ilikuwa mara moja, mchana. Makemba, zile ndizi za kupika, na maharage yaliyochemshwa bila kitu, kila watu wawili beseni moja, na kila mtu ana upande wake. Mimi vijiko vinne vilinitosha. Watu wenye njaa walinitazama kama mwendawazimu. Nilisukuma upande wangu kwa Kasereka. Aliukataa. Nikamweleza kwa sauti ya chini habari ya Kampala, kisu na lile tumbo la ndizi, na yeye, mwanaume aliyekuwa na damu ya jirani yake kwenye suruali, akatabasamu.

“Kumbe kuko munganga wa kukata njaa,” alisema. Halafu akanikataza kuwaambia wale watu. “Bakijua ulitibiwa inje ya inchi, batasema uko mutu wa franga. Hapana bakuachilie tena.”

Siku nne alikula sehemu yake na yangu. Nguvu ile ndiyo iliyombebesha mzigo wake, na njia zilipopanda alikuwa anauinua na wangu kidogo kwa bega lake.

Siku ya nne mkubwa wao aliona.

Tulimwita chef kama wote walivyomwita. Kijana mwembamba, Kiswahili chake hakikuwa cha kwetu. Alisimama mbele yangu, akaangalia ngozi ya mikono yangu, akaangalia beseni. Alisema asiyekula anataka kufia njiani na kuwachelewesha. Akaagiza beseni jingine, limejaa, akaniwekea mdomo wa bunduki hapa, chini ya sikio.

“Kula. Maliza.”

Nilikula. Kijiko cha tano, cha sita. Cha saba kifua kikafunga. Nilisita kidogo, akanipiga na kitako cha bunduki mdomoni, jino likavunjika, nikalimeza pamoja na maharage. Mmoja wao alinishika taya, mwingine akawa anasukuma makemba ndani kwa vidole. Vidole vyake vilikuwa na ladha ya mafuta ya bunduki. Nilisikia kitu ndani yangu kinavutika, kama nguo inayotaka kuchanika kwenye mshono, na nilifikiri, sasa hivi kinapasuka, na hakuna hata mmoja hapa atakayejua nimekufa kwa nini.

Halafu nikatapika. Juu ya buti zake.

Watu wa Mangina wanajua kutapika kunawakumbusha nini tangu mwaka ule wa Ebola. Mateka wenzangu walirudi nyuma. Wale wenye bunduki nao pia. Chef akasema huyu ana ugonjwa, mtoeni pembeni mummalize, msimguse kwa mikono.

Hapo Kasereka akasema.

“Hapana mugonjwa, chef. Ni mimi njo niliiba chakula yake siku zote. Tumbo yake imekauka na njaa, njo maana anatapika.”

Alisema bila kunitazama. Chef alinigeukia mimi. Kati ya maneno yale na panga kulikuwa na muda. Haukuwa mrefu, lakini ulikuwako, na mimi nauishi kila siku.

“Ni kweli alikuibia?” chef akauliza.

Niliitika kwa kichwa.

Hilo sijaliandika popote mpaka leo. Sikunyamaza tu. Niliitika.

Walimkata mkono kwanza, ule usiokuwa kwenye kamba. Alipaza sauti mara moja. Kisha shingo, na ya kwanza haikutosha. Nilikuwa bado nimefungwa naye. Alipoanguka alinivuta chini, uso wangu ukawa begani kwake, pale shati lilipochanika. Ilibidi wakate kamba ili wanisimamishe.

Siku ya saba, asubuhi, jeshi liliwafikia. Risasi zilitoka kila upande, matawi yakawa yanatuangukia. Nilitupa bidoni nikakimbia. Mimi, niliyekuwa siwezi kupanda ngazi ya kanisa bila kupumzika, niliruka miti iliyoanguka. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliita jina la mama yake, halafu sauti ikakatika. Sikugeuka.

Niliporudi Butembo watu walisema Mungu aliona mbali ndiyo maana alinipeleka Kampala. Niliitika hilo pia. Nimekuwa mtu wa kuitika.

Sasa mke wa Kasereka. Anaitwa Mama Katungu. Wamekimbilia hapa, yeye na watoto watano, kama wengi wa Mangina. Aliongea amesimama, sauti haikupanda hata kidogo. Alisema mateka mwingine aliyetoroka siku ileile alitangulia kufika na habari: shemasi aliuawa kwa kuiba chakula cha mwanamke mgonjwa. Huyo hakudanganya, alisimulia alichosikia. Kaka za marehemu wakaona haya, hawakuweka matanga. Kanisani, siku ya kuwakumbuka waliouawa, walisoma majina yote, lake wakaliruka. Shuleni watoto wake wanaitwa batoto ya mwizi. Miezi mitano amekuwa akiuliza huyo mwanamke ni nani, mpaka juzi mtu akamwelekeza dukani kwangu.

“Bwana yangu aliiba?” akaniuliza.

Nikasema hapana. Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, na habari ya kuitika sikuificha. Niliinua blauzi nikamwonyesha makovu matano, sijui kwa nini, labda nilitaka aamini kwamba chakula kile kweli sikukihitaji. Alinipiga kofi. Lilikuwa kofi la mkulima, lilinirusha kwenye pneu. Nikainuka, akanipiga la pili. Fundi wa pikipiki wa jirani alikuja mbio. Nikamwambia aache, arudi kazini.

Halafu Mama Katungu akakaa chini na kufuta uso kwa kitambaa chake chenye maji. Mteja mmoja aliingia, akatuona, akatoka.

“Donc, kumbe siku zile zote alikula,” alisema mwishowe.

“Alikula.”

“Na alishiba?”

“Alikuwa anashiba, mama.”

Alilia kwa hilo, si kwa panga. Nilipotaka kumshika mkono aliuondoa. Mlangoni aligeuka, akasema jambo alilokuja kusema.

“Siku ya Yenga utakuya ku kanisa. Mimi nikisema, batasema ni bibi anatetea bwana yake. Ile kichwa yenye uliitika nayo, uilete mbele ya bantu bote.”

Waliokimbia Mangina wanasali pamoja kila Jumapili katika kanisa dogo la mbao, bondeni. Kaka za Kasereka watakuwapo. Dada yangu Kavira, nilipomweleza saa saba, alisema nisithubutu, wanaume wale wana hasira ya miezi mitano na hawana pa kuiweka, wanaweza kunipiga mawe palepale kwenye kiwanja. Labda anasema kweli. Shavu langu limevimba na mvua inaniuma kwenye pengo la jino, na sijui kama nina moyo wa kusimama pale.

Ninyi mnaoniandikia: operesheni ni nzuri. Sukari yangu imeshuka, natembea. Nendeni mkiwa mmesoma ukurasa wa pili. Leo sina ushauri mwingine.

Nitaenda Jumapili. Nimeyaandika maneno kwenye karatasi, ili woga usinibadilishie njiani:

Kasereka hakuiba. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu. Alisema ameiba ili nisiuawe, na nilipoulizwa kama ni kweli, niliitika.