Karatasi Kumi na Nne Ukutani

14 Oktoba

Mwanangu mwoka mikate,

Wote waliokusimulia habari ya ukumbini wamekosea, na mama yako kawapita wote. Sikutundika nguo za ndani. Sikulia kwenye kipaza sauti. Wala sikuzimia, nilikaa chini kwa sababu kiti kilikuwa tupu. Haya, nimeanza na ugomvi nimesahau salamu. Hujambo? Tanuri halijambo? Mimi mzima, goti tu linalia kama cherehani isiyo na mafuta.

Barua yako ina mambo mawili. La kwanza, umeuliza ya ukumbini. La pili umelibana kule chini karibu na jina lako, kama mtu anayeficha kiraka: daktari kakuta saratani kwenye titi la kushoto, kakupa tarehe ya kulitoa, na wewe huendi. Herufi nimezijua uzeeni, lakini hizo nilizielewa. Nakujibu la kwanza, maana ndani yake kuna jibu la la pili.

Unajua tangu nipasuliwe mimi, mwaka wa tisa huu, wanawake waliotolewa titi wanakuja kushona kwangu. Mafundi wengine wanawakatia blauzi kama zamani, upande mmoja unaning'inia kama soksi tupu. Mimi nakata kufuata mwili ulivyo. Kila mteja ana karatasi yake ya kukatia, ya gazeti. Na kwa kuwa nilianza kazi sijui kuandika, siandiki jina, nachora. Muuza samaki ni samaki. Mpishi wa shule ni mwiko. Dereva wa lori, ndiyo, mwanamke, ni gurudumu.

Basi mwalimu wa sanaa akaandaa maonyesho ya hisani, kuwaenzi waliopona saratani ya matiti na wanaohangaika kuwaokoa wengine, hospitali ipate mashine ya kupimia. Akaomba blauzi zangu. Mlangoni niliweka mifuko miwili, mmoja wa blauzi, mmoja wa karatasi nilizokuwa naziokoa na panya. Yule msomi, na vyeti vyake vyote, akabeba karatasi!

Nafika ukumbini nimejipamba utadhani naolewa mimi, nakuta magazeti yangu kumi na nne ukutani chini ya taa. Kila moja na bega lake na kifua chake, upande mmoja umejaa, wa pili umenyooka kama rula. Watu tele, midomo wazi. Nikakaa kwenye kiti kitupu. Siri za watu hizo, mwanangu! Muuza samaki alimficha hata dada yake wa damu, miaka sita anajaza kitambaa. Nikaenda kuzibandua.

Mwalimu akanidaka mkono. "Mama, usiguse! Hii ndiyo kazi bora humu ndani!"

"Kazi bora ya nini? Toa magazeti yangu!"

Ndipo muuza samaki akaingia. Akamwona samaki. Ukumbini ikabaki kusikika feni tu. Akasema kwa sauti ile ya sokoni, "Nani kanichora mnene hivi?" Akaenda akasimama chini ya karatasi yake, akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akakiweka mezani kando ya glasi za watu. "Huyu ni mimi. Mwenye swali aulize."

Mpishi akaja chini ya mwiko wake. Dereva chini ya gurudumu. Mmoja mmoja, mpaka kumi na tatu. Ya kumi na nne ilikuwa na mkasi, yangu. Nikasimama, na niliyependeza kuliko wote ni mimi, waulize. Makofi yalipigwa mpaka vioo vikatetemeka. Mwisho wakamtunza Sista Jipime, yule muuguzi mstaafu anayezunguka masokoni kuwaambia wanawake wajipime. Kupewa maua tu, akadaka kipaza sauti: "Nani humu hajajipima mwezi huu?" Hata wanaume wakanyoosha mikono, kwa woga.

Sasa jibu la la pili. Siku yangu ya kupasuliwa niliingia kwa miguu yangu, nikamkazia macho daktari: "Mkasi wako una makali? Mshono ukipinda, utaufumua mbele yangu." Alicheka mpaka barakoa ikamshuka puani. Nenda, mwanangu.

Shangazi yako

22 Oktoba

Shikamoo shangazi,

Huku wote wazima. Barua yako imenichekesha mpaka mikate ya trei ya pili ikaungua, na mteja akaniuliza kama nimefiwa au nimeolewa.

Ila shangazi, mimi natafuta riziki kwa mikono. Mkono wa kushoto ukilegea, nani atakanda? Na nikioga sasa nafunika kioo. Wewe hujaogopa kitu tangu kuzaliwa. Mimi si wewe. Tarehe ni tano Novemba. Nimewaambia siwezi, nina oda ya mikate ya harusi.

Hakuna harusi.

Mwanao

27 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Oda ya harusi! Uongo gani huo usio na chumvi? Katika ukoo huu mwongo ni mimi, wewe kaa na unga wako.

Habari ya mkono. Baada ya kupasuliwa sikuweza kufikia hata kitasa cha mlango. Sista Jipime akanisimamisha mbele ya ukuta wa duka, vidole vitambae kwenda juu kama buibui, pakiuma niweke chaki, kesho nipite hapo. Chaki ya kwanza iko usawa wa kitovu. Ya mwisho iko juu ya kalenda. Fundi wa rangi alipokuja nilimfukuza, asinifutie shahada yangu.

Na kioo kifunue. Hakijakukosea kitu.

Ningekuja nikuburute mwenyewe, goti limekataa safari. Nenda. Mkate watu wataununua kwingine wiki chache, hawatakufa. Anayeweza kufa ndiye ninayemwandikia.

Shangazi yako

12 Novemba

Mwanangu,

Siku saba zimepita tangu tarehe yako. Simu yako haipokelewi, mama yako hajui kitu. Leo nimeshona mkono wa gauni mahali pa shingo. Mteja kanitazama, nikamwambia ndiyo mtindo mpya.

Niandikie. Hata tusi, nitalipokea.

Shangazi

20 Novemba

Shikamoo shangazi,

Simu niliiacha nyumbani makusudi, nisije nikampigia mtu wa kuniambia nirudi.

Nilikwenda. Nilifika getini nikageuka, nikafika tena. Wakanilaza kwenye kitanda cha magurudumu, meno yanagongana mpaka muuguzi akaniuliza kama nataka blanketi. Nikakukumbuka. Daktari alipoinama nikamwambia, "Mkasi wako una makali? Mshono ukipinda, utaufumua mbele yangu." Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikapitiwa na usingizi nikiwa nacheka.

Uvimbe wameutoa wote. Majibu yamekuja jana: haujafika kwenye tezi za kwapani. Dawa zipo mbele, lakini daktari ananiita Fundi na anatabasamu. Jana nimekanda mkate mmoja kwa mkono mmoja. Umetoka kama kiatu. Tumeula wote.

Nisingekuwa na ujasiri wako wa kuazima, ningeruka dirishani.

Mwanao

26 Novemba

Mwanangu wee!

Barua yako nimeisoma kwa sauti katikati ya barabara, magari yakasubiri. Muuza samaki kaacha meza yake kwa paka akaja kunikumbatia, nanuka mpaka leo. Sista Jipime kapiga vigelegele mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Sasa kaa chini. Kuna kipande kimoja nilikitunga. Magazeti ni kweli, kitambaa ni kweli, hata feni. Lakini daktari sikumwambia neno. Asubuhi ile nilikimbia, mwanangu, na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, dunia nzima inaona. Sista Jipime alinikamata kwenye vibanda vya viazi, nimekumbatia nguzo, nalia kama mbuzi. Wakanibeba watu watatu.

Yale ya mkasi niliyatunga siku niliyokuandikia, kwa sababu nilikuwa nakuogopea na sikuwa na kingine cha kukupa.

Kwa hiyo usiseme umeazima kwangu. Mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusema maneno yale mbele ya kisu ni wewe.

Shangazi yako, mwongo