Ndege Nyeupe Iliyotundikwa Juu ya Mtoto

Mpemba, karibu na Tunduma,
Jimbo la Nyanda za Juu Kusini,
Tanganyika.
Jumapili, 13 Juni, 1954.

Mpendwa shemeji Rubeni,

Salamu nyingi sana. Habari za Ndola? Mwenzangu Loisi hajambo? Na mtoto je? Ningependa kukuuliza yote hayo taratibu kama tulivyolelewa, lakini leo naanza na la mwisho. Kabla hujasoma mstari mwingine, inuka uishushe ile ndege nyeupe ya kuchonga iliyotundikwa juu ya kitanda cha mtoto. Ishike kwa gunia lililoloweshwa maji. Itoe nje, iweke mbali na kisima na mbali na kuku. Kisha mnawe mikono wewe na mkeo, mumnawishe na mtoto mikono na mdomo. Nikodemo, dereva aliyekuletea barua hii, nimemwambia asikae wala asinywe maji kwako mpaka akuone kwa macho yake umefanya hivyo.

Umekwisha? Basi kaa, nikuamkie vizuri.

Sisi huku ni wazima kwa kadiri ya watu waliofiwa. Mama yenu Yunisi magoti yanamsumbua kwa baridi hii, lakini ulimi haumsumbui hata kidogo, bado anatuamrisha wote. Mahindi tumeyavuna, si haba. Kule Isansa kaka zangu wanachuma kahawa, wameniita nikasaidie, nami nimewaambia wangoje.

Wazee wa ukoo walikuja mwezi uliopita, wakakaa, wakakohoa, wakalitaja jina lako kando ya jina langu. Mzee wa kanisa Kefa aliwanyamazisha. Usiwe na wasiwasi, shemeji, sikutaki. Unakoroma, Loisi mwenyewe aliniambia.

Sasa niseme lililoniketisha hapa. Barua yako ya pole tuliipata jana. Nilimsomea mama yenu kwa sauti, naye alilia pale unaposema ulinyimwa ruhusa ya kuja kumzika kaka yako. Nikasoma unavyomsifu mtoto, kwamba meno yanaota, kwamba halali mpaka aguse ile ndege aliyotumiwa na baba yake mkubwa, kwamba anaing'ata pua kutwa nzima. Halafu nikafika pale ulipoandika kwamba rangi nyeupe imebanduka kwa meno yake, na chini yake umeiona manjano yenu iking'aa, ukacheka kwa kumkumbuka Boazi.

"Mbona umekwama, mwanangu?" mama akaniuliza.

Nikamwambia mwandiko wako ni mbaya. Nikairuka mistari ile, nikamalizia salamu. Hajui kitu mpaka leo, naomba asijue.

Wewe lazima ujue. Unamfahamu kaka yako. Tangu arudi vita vya Burma na jeshi la Keya, kichwa chake kilibaki angani. Wenzake walirudi na makoti, yeye akarudi na daftari la michoro ya ndege, tena si zile alizoziona vitani bali za kwake mwenyewe, ambazo hakuna fundi popote aliyepata kuziunda. Moja ilikuwa na baraza, abiria wapate kuota jua. Moja ilikuwa ya kushusha kahawa ya Isansa mpaka pwani mvua zikikata barabara. Na ile aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndefu, yenye mlango mpana nyuma, ya kuwarudisha makwao watu waliofia migodini, maana baba yenu mdogo alizikwa huko Rodesia na hakuna hata mmoja wetu anayelijua kaburi lake. Alizichonga zote hizo kwa mti mwepesi, mabawa akayakata kwenye madebe ya mafuta ya taa. Mimi nilikuwa nikimwita Rubani wa Jikoni, kwa kuwa takataka zake zote nilizifagia mimi.

Halafu wewe ukaja likizo, Oktoba ya mwaka juzi. Unaikumbuka jioni ile? Ulitueleza kazi yako mpya ya kusindikiza mapipa yanayotoka Kongo kwa reli. Kwamba kila kifuniko hutiwa lehemu na kukaguliwa mara tatu. Kwamba behewa la mapipa hufungwa karibu na mkia wa treni, na kati yake na watu huwekwa behewa tupu. Kwamba hakuna ruhusa ya kula wala kuvuta tumbaku karibu nalo. Kwamba pipa likivuja, sakafu haifagiliwi kavu, hupanguswa kwa magunia yaliyoloweshwa, na magunia yenyewe huzikwa shimoni na shimo kuzungushiwa seng'enge. Ukasimama ukaiga msimamizi wenu anavyolizunguka behewa kwa kunyata. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. "Jamani," ulisema, "watu wazima na suruali zao wanaogopa udongo!"

Nasi nani angeuogopa udongo? Nyumba zetu tunazipaka udongo. Wajawazito wetu wanaula. Ukalitoa lile kopo la maziwa, ukasema hukuwa na moyo wa kuyazika magunia na uzuri ule, uliyaanika juani ukayakung'utia humo. Boazi alipofungua kifuniko aliliinamia kopo akasahau kucheka. Mbozi nzima tunao udongo mweupe, tunao mwekundu, lakini manjano ile ya ua la boga hatukuwahi kuiona. Mimi nilimwomba konzi moja tu nipambe mlango kwa Krismasi. Akaninyima. Nilimnunia siku tatu, Rubeni. Siku tatu nilimnunia kwa sababu alininyima kifo changu.

Aliuchanganya na mafuta ya nyonyo. Brashi yake ilikuwa ya manyoya ya mkia wa mbuzi, na kila alipotaka mstari mwembamba aliichonga ncha kwa ulimi. Chovya, lamba, paka. Mwaka mzima. Midomo yake ikawa na ukingo wa manjano, nami nikamtania kwamba amekula ugali wa jana bila kunawa.

Ilipofika Septemba miguu ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Uso nao ukavimba asubuhi asubuhi, mkojo ukawa mweusi kama chai. Wengine walisema amerogwa kwa sababu ya zile ndege. Hospitali ya misheni walisema figo, wakamkataza chumvi. Chumvi!

Mwezi wa tatu walipita watu wanaotafuta mawe kando ya Mto Songwe. Mpishi wao ni Jonasi, mtoto wa shangazi yangu, akaja kwetu kutafuta mayai, na bwana wake akamfuata. Jonasi akamwambia Boazi kwamba bwana ana chombo kinacholia kikikutana na mawe fulani. Unajua Boazi na vyombo. Alijikokota mpaka barazani kuomba akione. Yule Mzungu, mtu mpole, akakiwasha. Kikawa kinalia tu kama kuku anayedonoa, moja moja. Akapita nacho mlangoni, akaingia, akafika kwenye rafu ya ndege, na hapo kikalia kama bisi kikaangoni. Akakipeleka kwenye kopo. Akakipeleka kwenye brashi. Kisha akageuka akakielekeza kwenye vidole vya mume wangu, na kwenye midomo yake, na chombo hakikunyamaza.

"Hii udongo natoka wapi?" akauliza.

"Nilinunua Tunduma," Boazi akasema. "Kwa mtu mmoja tu, simjui."

Hakusita hata kidogo. Hivyo ndivyo kaka yako alivyokuficha.

Jonasi ndiye aliyetueleza baadaye kwa lugha yetu. Udongo ule unaitwa urani, ndio waliotengenezea lile bomu walilopigwa Wajapani, lililomaliza vita. Hauonekani unapodhuru, hauumi, hauna harufu. Usichomwe, maana moshi wake nao ni mbaya. Kopo lile bwana alilifunga katika sanduku la chuma akaondoka nalo, na uso wake ulikuwa umekufa kabla ya Boazi.

Kesho yake, nikimwosha miguu, aliniapisha juu ya Biblia ya mama yake. Nisikuambie, wala leo wala nikizeeka. Alisema, "Rubeni ana moyo mwepesi. Akijua, utakuwa umetuua wote wawili." Nikaapa. Ningefanyaje?

Nikamwuliza pia habari za ndege alizogawa. Akazihesabu kwa vidole: sita za manjano, hapa hapa Mpemba. Nikamwuliza, na ile uliyompelekea mtoto wa Rubeni mwezi wa kwanza? Akasema, "Ile ni nyeupe." Nami nilikumbuka kwamba kweli ilikuwa nyeupe, niliiona mwenyewe ikifungwa, nikatulia.

Wiki ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, Ijumaa, akafa. Hayo uliandikiwa.

Baada ya matanga nilipita nyumba kwa nyumba kuzidai zile sita. Watoto walilia, mama zao walinitukana. Walisema mjane wa Boazi ana kijicho, anawapokonya watoto vitu vya marehemu. Sikujibu, kwa sababu nilikuwa nimeapa. Enesi, jirani yangu wa miaka yote, hanisalimii mpaka leo. Nilizizika zote sita mlimani pamoja na zile za rafuni, chini sana, ile ndefu ya kurudisha maiti ikiwa juu ya nyingine, nikarundika mawe.

Nilidhani nimemaliza. Mpaka jana.

Rubeni, sijui kama kaka yako alisahau kwamba chini ya chokaa alipaka manjano. Siku zile za mwisho alikuwa akinichanganya hata mimi na mama yake. Au hakusahau. Au alijua, na alipopima kati ya mtoto kudhurika na wewe kujua, alikuchagua wewe. Nalala na swali hilo, naamka nalo, na mwenye kulijibu yuko ardhini. Nampenda, na jana nilikwenda kaburini nikamgombeza kwa sauti mpaka watu waliokuwa wakitoka mtoni wakasimama kunitazama.

Kiapo nimekivunja. Kefa anasema Mungu ataelewa. Boazi sijui kama ataelewa.

Sasa sikiliza la kufanya. Ndege usiichome. Itie ndani ya kopo la bati, pamoja na kamba yake na shuka la kitanda, utie lehemu wewe mwenyewe kwa mikono yako, vizuri kuliko ulivyopata kuziba pipa lolote la kampuni. Uipeleke kwenye lile shimo lenye seng'enge. Pangusa sakafu na kitanda kwa gunia lenye maji, nalo lizike. Kisha mchukue mtoto umpeleke hospitali, na umwambie daktari kila kitu. Kila kitu, shemeji. Watakuuliza ulikoupata udongo, na utasema, na kazi itaondoka, na nyumba ya kazi itaondoka pamoja nayo. Iache iondoke. Ukisema umenunua Tunduma kwa mtu usiyemjua, nitakuja Ndola kwa miguu yangu nikaseme mimi.

Ukifukuzwa njooni huku. Nyumba ina nafasi, kwa bahati mbaya.

Utaniomba msamaha. Usiniombe sasa, sina wa kukupa. Najua hukujua, najua ulileta zawadi kwa mtu uliyempenda. Yote nayajua, na bado nikikikumbuka kicheko chenu cha jioni ile naiweka kalamu chini, kama unavyoona hapa wino ulivyodondoka. Labda mwaka kesho. Labda tukilima shamba moja, nikikuona umechoka, msamaha utanijia wenyewe.

Mama yenu anakusalimu sana, anasema usisahau kuvaa fulana. Kefa anakusalimu. Jonasi anakusalimu, aliniandikia neno lile la urani kwenye karatasi, limo ndani ya bahasha, umwonyeshe daktari. Mwambie Loisi kwamba nampenda, na asikulaumu siku ya kwanza kwa sababu siku hiyo atakuhitaji. Mungu awafunike, aingie kwenye nyumba hiyo kabla ya Nikodemo hajafika na barua hii.

Usiniandikie pole wala maelezo. Nikodemo atangoja siku mbili hapo, atarudi na karatasi yako. Andika neno moja tu, "mzima", na kama silo, andika lililo kweli. Mlimpa mtoto jina la kaka yako ili Boazi wawe wawili duniani. Mmoja nimekwisha kumzika mimi. Huyo mwingine, Rubeni, usiniletee nimzike.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda leo kwa shida,

Tabita, mke wa Boazi.