Sauti ya Mama Felista

Jumamosi. Baridi ya leo imeingia hadi kwenye mifupa, na upepo haujatulia tangu asubuhi.

Tumemzika Mama Felista huko Chala.

Wengi mnaikumbuka sauti yake kuliko sura. Alisoma habari kwenye televisheni kule Dar es Salaam kwa miaka mingi, kisha akawa anaingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Yule mama mkwe mkorofi mliyekuwa mkimsonya sebuleni alikuwa yeye, mwanamke mpole aliyestaafu akarudi kwao kulima ulezi.

Mimi natangaza kwenye redio ndogo hapa Sumbawanga. Nilipoanza nilikuwa naionea aibu lafudhi yangu ya Kifipa. Alinisikiliza, akasema, "Usiifukuze, mwanangu. Wewe tamka neno lote, usilimeze."

Mwaka jana macho yake yalififia. Alikuwa amebakiwa na kazi moja, sauti ya malkia mzee kwenye tamthilia, akirekodia studioni kwetu na kuituma Dar. Kusoma hakuweza tena. Nikawa nakaa pembeni yake, namnong'oneza mstari, naye anausema. Kwangu yalikuwa maneno tu. Kwake alitoka mtu kamili, mwenye machungu yake. Siku malkia alipofiwa na mwanawe, fundi mitambo wetu alitoka nje kufuta machozi.

Sasa niungame.

Wiki tatu zilizopita watu wa tamthilia walinipigia. Walitaka mimi niwe malkia. Sikukataa. Nilisema nitafikiri, na Mama Felista sikumwambia. Niliendelea kwenda kwake, namwamkia shikamoo, nakunywa chai yake, moyo unanisuta.

Amekufa sijamwambia.

Leo baada ya mazishi nilimweleza binti yake, Dada Agripina, kila kitu. Nilitegemea anigeuzie mgongo. Akanishangaa.

"Kwani hukujua? Mama ndiye aliyewapa namba yako. Alikuwa anasubiri umwambie mwenyewe, mfurahi pamoja."

Nimelia njia nzima kutoka Chala.

Kumbe ndiyo maana kila nilipoaga aliniuliza kama kuna jipya. Nami nikajibu hakuna, mama.

Jumatatu nitawapigia, niseme nimekubali. Sauti yake sitaiiga, siiwezi. Ila nikishamaliza kurekodi, nitamgeukia nani nimuulize kama nimepatia?